Gereji ya Chake iliyonitibia Escudo: EGR haikufa, njia ndo ilikuwa imeziba

Assalam alaykum jamaa zangu, hili nimekaa nalo tangu msimu wa karafuu uliopita na leo nalitoa, maana nawaona watu wengi huku Pemba wanazungushwa na hii taa ya cheki injini, mara leta laki tatu, mara leta laki nne, pesa zinakwenda na gari iko vilevile. Ninayemsifu ni fundi mmoja wa Chake Chake, gereji yake haina hata bango, ni uwanja wa udongo na mwembe na kontena moja la zana. Jina lake silitaji kwa sababu sijamuomba ruhusa, lakini kazi aliyoifanya nitaieleza yote ili na wewe ukienda kwa fundi wako ujue cha kumuuliza.

Gari yangu ni Suzuki Escudo ya petroli, injini ya lita 2. Mie nasomesha Wete, na msimu ukifika hiyohiyo Escudo ndo inatoa magunia ya karafuu shamba. Mnaoijua Pemba mnajua, nchi vilima tupu, unapanda unashuka unapanda tena. Basi huko mlimani ikaanza kugonga. Ukiwa gia ya tatu mguu umekanyaga nusu unasikia injini inalia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa, ukikanyaga mpaka chini inanyamaza, ukirudisha mguu nusu inaanza tena. Wiki mbili baadae taa ikawaka.

Fundi wa mwanzo (gereji yake naiacha) alichomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ikatoa namba ya kosa P0401, na hapohapo hata boneti hajafungua vizuri akasema EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) imekufa, nunua valvu nyengine, 350,000 na itoke Dar. Nikamwambia hizo sina kwa sasa. Akafungua bomba la hewa akapuliza dawa ya kopo mule ndani, akachokorachokora kwa bisibisi, akafuta ile namba kwenye mashine, taa ikazima, nikalipa nikaondoka. Ilivyofika jioni gari inatetemeka kila ikisimama, nikifika njia panda inazimika kabisa, watu nyuma wanapiga honi na mie nina watoto ndani. Siku ya tatu taa imerudi na kugonga hakujaondoka. Yaani nilikwenda na ugonjwa mmoja nikarudi na miwili, na niliumia kwelikweli maana ile pesa nilikuwa nimeitenga ya wachumaji.

Kwa huyu wa Chake nilipelekwa na shemegi yangu. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha, hakushika mashine, alishika daftari. Inagonga ukiwa umekanyaga kiasi gani maalim? Inazimika ikiwa ya moto au hata ya baridi? Nani kaigusa mwisho na kagusa nini? Kila jibu anaandika. Halafu ndo akachomeka skana, akaiandika P0401 na akaniambia neno ambalo kwa mie ndo lilikuwa dawa yenyewe: "Maalim, hii namba inasema gesi inayorudi ni kidogo kuliko kompyuta inavyotarajia. Haisemi valvu imekufa. Inaweza kuwa valvu, inaweza kuwa njia, inaweza kuwa waya au sensa. Tutaulizia kimoja kimoja."

Kwa asiyejua, EGR kazi yake ni kuchukua sehemu ya moshi wa egzosi na kuurudisha kwenye hewa inayoingia injini. Moshi ule hauna oksijeni ya maana, kwa hiyo hauungui, unakaa tu mle unapunguza ukali wa moto. Joto likipungua zile gesi za naitrojeni oksaidi, zinazochoma vifua vya watu, zinatoka kidogo, na ndo sababu magari yamefungwa kitu hichi tangu miaka ya 1970 kule Marekani. Kwenye injini kama yangu inafanya kazi zaidi ukiwa unakwenda mguu wa wastani, ukisimama inafunga na ukikanyaga mpaka chini inafunga. Na kompyuta imeipanga taimingi ya moto (wakati wa plagi kupiga cheche) ikijua gesi ile ipo. Isipofika, joto linapanda na petroli inajiwakia ovyo, ndo kule kugonga kwa mguu nusu. Aliponieleza hivi nikaona ile hadithi yangu ya mlimani imekaa sawasawa.

Sasa vipimo. Gari ikiwa inaunguruma pale chini ya mwembe, kwa skana akaiamrisha valvu ifunguke. Akasema ikiwa njia ni nzima injini lazima itetemeke zaidi au izimike, na namba ya presha ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) ipande. Haikubadilika chochote. Akachomoa soketi akapima koili za valvu kwa mita moja moja, zote zikasoma karibu sawa. Kwa hiyo koili za ile mota inayoisukuma valvu ni nzima. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu, huku hewa ya chumvi inakula kila kitu, akazimwagia mafuta akaziacha zilale mpaka asubuhi asije akazikata. Yule wa mwanzo angezipiga nyundo.

Asubuhi valvu imetoka, na kwenye siti yake (pale inapokalia ikifunga) kuna kijipande cha masizi makavu kimekaa kama punje ya mchele, kimeizuia isifunge. Kile kilibanduka siku ya bisibisi. Hata hivyo hakutaka niamini kwa maneno, akakata kibati, akakiweka kwa muda baina ya valvu na injini, akaiwasha. Gari ikatulia, sailensa (muungurumo wake ikiwa imesimama) safi, haitetemeki. Akakitoa kibati. Nikamuuliza, fundi, kama njia imeziba mbona gesi ilikuwa inavuja mpaka gari inazimika? Akanijibu vizuri sana, kwamba gari ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo mno, hata uvujaji wa tundu dogo unaivuruga, lakini njiani inataka gesi nyingi na kwa tundu lilelile haipati. Akanimulikia kwa tochi nikaona mwenyewe, njia imebaki tundu dogo tu, kote masizi magumu.

Kusafisha kulichukua siku nzima. Upande wa chuma wa valvu ndo alioutia dawa, upande wa umeme hakuulowesha hata tone. Njia aliisugua kwa waya laini huku mwanafunzi wake anavuta uchafu kwa mashine ya kunyonya ili usiangukie ndani ya injini. Gasketi ya zamani hakuirudisha, mpya ikaja kwa boti kutoka Unguja, nikangoja siku mbili.

Halafu akauliza, masizi haya yametoka wapi? Akachomoa ile valvu ndogo ya PCV inayorudisha mvuke wa oili kwenye hewa, akaitikisa sikioni mwangu. Nzima inalia kachakacha, yangu kimya, imeganda. Akaibadilisha na yenyewe, kwa maelezo yake mvuke wa oili ukikutana na moshi wa egzosi ndo unapata ule ugumu unaoziba njia.

Bei: ufundi 45,000, dawa makopo mawili 24,000, gasketi 15,000, PCV 18,000. Jumla 102,000. Linganisheni na ile 350,000 ya valvu ambayo ingefungwa kwenye njia iliyoziba na kugonga kungebaki palepale.

Kuna wanaosema weka kibati moja kwa moja uachane nayo. Nilimuuliza akakataa kabisa kunifanyia, na mie namuunga mkono, kwa gari yangu kibati cha kudumu ni kuurudisha ule ugonjwa wa mwanzo kwa mkono wako mwenyewe, itagonga, taa itawaka, na moshi mbaya utawaingia watu.

Mapungufu yapo. Banda hana, mvua ikinyesha kazi inasimama. Simu hapokei akiwa chini ya gari, utapiga mara tano. Ijumaa baada ya sala usimtegemee. Na siku nne bila gari katikati ya msimu ni nyingi, nilikodi pikapu ya watu, ile gharama nayo niliisikia.

Lakini alipomaliza alipanda na mie mpaka vilima vya njia ya Wete, gia ya tatu, mguu nusu, kimya. Tukarudi akaifungua tena valvu kwa skana, safari hii injini ikatetemeka ikataka kuzima, akacheka akaandika kwenye daftari. Tangu siku hiyo nishakwenda kilomita 2,400 na taa haijawaka.

Mkienda kwake mpelekeeni gari asubuhi ikiwa ya baridi, na msikubali mtu yeyote awafutie ile namba kabla hajaiona yeye.