Kitabu cha pindo: Averbakh wa shilingi elfu sita

Nilikiokota Darajani, hapa Unguja, kwa kijana anayetandaza vitabu chini, kimelaliwa na kamusi iliyochanika. Yeye alidhani cha dama. Kumbe ni *Chess Endings: Essential Knowledge* cha Yuri Averbakh, Mrusi. Elfu sita, hatukuvutana sana.

Mie nashona kanzu Mlandege, na jioni nacheza sataranji barazani. Miaka yote nashindwa namna moja: mchezo nauongoza vizuri mpaka kete zinakaribia kwisha ubaoni, halafu nazubaa. "Mjomba, kushona unajua, pindo ndilo linakushinda," huniambia mtoto wa dada yangu, tena mbele za watu.

Basi hiki ni kitabu cha pindo tupu. Mbinu za kuanzia mchezo humo hamna. Kete tatu, nne ubaoni, na suala moja tu: nani anashinda, na vipi?

Nitoe mfano. Askari wako mweupe yuko b4 (herufi ni safu ya nyumba za ubao, nambari ni nyumba ya ngapi kutoka upande wa weupe), mfalme wako yuko mbali, hawezi kumsaidia. Mfalme wa adui yuko g4. Atamwahi askari kabla hajafika mwisho akawa malkia? Zamani nilikuwa nahesabu kwa vidole, mie hivi, yeye vile, na katikati napotea. Hapa huhesabu kitu. Unachora mraba kwa macho: b4 mpaka b8, f8, f4. Ikiwa zamu ni ya mfalme wa adui na anaweza kutia mguu ndani ya mraba, keshamwahi. Ikiwa zamu ni yako, sukuma askari: mraba unapungua, naye kabaki nje. Nimeuchora kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia, mteja akadhani ndio kipimo cha kanzu yake.

Averbakh mwenyewe alizaliwa Kaluga mwaka 1922, akasomea uhandisi, akawa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, 1952 na bingwa wa Sovieti 1954. Ubingwa wa dunia hakuupata. Alichoacha ni hii kazi ya kuchambua miisho ya mchezo, juzuu kwa juzuu, wakati kompyuta za kumfanyia hesabu hazipo. Alifariki Moscow Mei 2022, miezi mitatu hivi baada ya kutimiza miaka 100. Grandmasta mwengine hakuwahi kufika umri huo kabla yake.

Ila kisa kinachonifanya nimpende ni cha Adelaide, 1960. Purdy wa Australia alihamisha mfalme na ngome kwa pamoja, upande wa malkia. Averbakh akalalamika: ngome imepita kwenye nyumba inayoshambuliwa! Purdy akamfahamisha kuwa mwenye kukatazwa kupita hapo ni mfalme. Averbakh akauliza: mfalme tu? Ngome siyo? Grandmasta mzima! Tangu nisome hayo, sioni haya kuuliza sheria barazani.

Nyongeza, haimo kitabuni: Kirusi, kete tunayoiita askofu ni tembo, na ngome ni chombo cha baharini. Nilipomwambia mzee mmoja wa barazani, baharia wa zamani, akaweka kikombe chini. "Chombo gani hicho kinarudi nyuma bila upepo?"

Ubaya wake sasa. Gundi imekauka, kurasa zikaanza kunitoka mkononi siku ya pili. Nimezishona kwa uzi wa kanzu, na nathubutu kusema zimekaa kuliko mwanzo. Kiingereza chake si kigumu, lakini mwenye Kiingereza cha skuli kama changu atakwenda polepole. Na mtoto asiyejua bado farasi anaendaje, msimpe hiki, atachukia mchezo. Sehemu ya ngome na askari nimeirudia mara tatu, na bado hainikai kichwani.

Elfu sita imerudi. Kuazimisha, siazimishi.

Ijumaa iliyopita baada ya Isha, mtoto wa dada alisukuma askari wake. Nikautazama mraba: mfalme wangu nje, na hatua moja haitoshi kumwingiza. Nikamlaza mfalme palepale, kukubali nimeshindwa.

"Mjomba, mbona mapema? Hata sijasukuma tena!"

Nikamwambia aagize kahawa, na kashata mbili.