Yamaha XS1100 mnaionea bure, njooni muione hii ya Malindi

Ukitaja pikipiki kubwa za zamani za Mjapani, watu wanakurukia na Kawasaki Z1, wakimaliza ni Honda CBX ya silinda sita, basi, stori imeisha. XS1100 haitajwi, na ikitajwa ni kupondwa tu, ati nzito, ati ya wazee, ati gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti badala ya cheni. Mie nishachoka na hayo maneno manake nimeiendesha hapa hapa Malindi, tena moja iliyofanyiwa kastomu na fundi wetu, na nasema wazi, kwa pwani hii mashine za enzi hizo zote zije ziombe ruhusa kwanza.

Ilitoka 1978, cc 1101, silinda nne, kemu mbili juu (zile shafti za kufungua vali), inapozwa na upepo tu, nguvu za farasi 95. Z1 yenu ilivyotoka 1972 ilikuwa na cc 903 na farasi 82, na heshima yake naiacha pale pale. Bahati mbaya ya XS ni kwamba CBX na Suzuki GS1000 zilitoka mwaka ule ule, sa macho yote yakaenda kwenye zile silinda sita, hii ikapita kimya kimya.

Nzito ni kweli, inapita kilo 250 kabla hujatia mafuta, na kuisukuma kwenye mchanga ni kazi ya watu wawili. Ila vuka daraja la Sabaki asubuhi uelekee Mambrui, barabara ikifunguka vuta mafuta ukiwa gia ya juu bila kushusha chochote, inavuta kutoka chini kabisa, hailalamiki, haitetemi, inaenda tu hadi upepo ukukataze.

Sasa hiyo shafti mnayoicheka. Muulizeni mtu wa boda anayepiga ruti ya Gongoni na Ngomeni, kule kwenye mashamba ya chumvi, cheni yake inaishi muda gani. Mchanga unaisaga, chumvi inaimaliza, yaani inashika kutu hata pikipiki ikiwa imesimama nyumbani. Shafti imefungiwa ndani, gia zake zinazunguka kwenye oili, unabadilisha oili kwa wakati wake na maisha yanaendelea. Cha kuzoea ni kimoja, ukivuta mafuta ghafla nyuma inainuka, ukiachia inashuka, kwa hivyo ndani ya kona shikilia mkono pale pale usiyumbeyumbe.

Hii ya kwetu ilikuwa ya mzee mmoja Mtaliano, ikaachwa chini ya mti mpaka ikasahaulika. Fundi ameivua yote hadi fremu. Ile taa ya mstatili ambayo hata mie siwezi kuitetea imetoka, imeingia ya mviringo. Nyuma amekata na kuchomelea upya, siti imeshonwa na yule yule anayeshona siti za tuktuk, nyembamba, mshono umenyooka. Rangi nyeusi na mistari ya dhahabu, heshima kwa ile Midnight Special, XS1100 ya Yamaha wenyewe yenye rangi hizo. Lakini inama uangalie pale bomba nne za eksozi zinapokutana chini ya injini, weldi zimelala sawa, hakupitisha grainda kuficha kitu, ukipapasa na kidole husikii hata kibonge. Kazi kama hiyo Malindi ipo na watu wanapeleka pesa Nairobi, inaniuma kweli.

Kilichonivua kofia zaidi ni umeme. Mashine ilikuwa ikipanda resi inakata, mafundi wa kabla walishabadilisha koili na plagi wapi. Huyu akaenda moja kwa moja kwenye waya za pikapu, yaani sensa inayoamuru cheche zitoke lini, zile zinazochezeshwa kila edvansi (ya kuwahisha cheche) inaposogea, kwa nje nzima kabisa, akaipinda moja taratibu na kidole, kumbe shaba imekatika ndani ya plastiki. Akaweka waya laini mpya, kwisha.

Vijana walimsumbua atoe boksi la eya klina aweke zile filta ndogo ndogo za mtindo, akakataa, na alifanya vizuri mno. Kabureta zake, za Mikuni, zinategemea hewa tulivu ya lile boksi, ukilitoa inakohoa katikati ya resi, na kwa mchanga wetu ndo unaua injini kabisa.

Ukiikuta yoyote inauzwa, ipande mwenyewe, weka gia ya pili uvute mafuta kwa nguvu. Gia ikiruka yenyewe, meno ya gia yameliwa, ndo ugonjwa wake mkuu, injini itabidi ifunguliwe wachonge upya, kwa hivyo shusha bei hapo hapo kabla hamjapeana mkono. Isiporuka, lipa uondoke nayo, usirudi nyumbani kufikiria.