Siklodekstrini ya kuyeyushia kurkumini: inafanya kazi, lakini ina masharti

Anayetaka kuua bakteria kwa kurkumini (rangi inayotoka kwenye bizari) na taa ya buluu hukwama mapema: rangi hii ya manjano haipatani na maji. Unga huelea, hung'ang'ania kuta za chupa, na mara nyingi kinachodhaniwa kuwa kimeyeyuka ni chembe tu zilizotawanyika. Hidroksipropili-beta-siklodekstrini (hapa chini: siklodekstrini) inatibu hilo. Ni pete ya sukari saba, ndani inapenda mafuta, nje inapenda maji, na kurkumini hujipachika ndani yake. Kwenye pH 5 uyeyukaji hupanda angalau mara 10,000.

Yeyusha g 10 za siklodekstrini kwa bafa ya sitrati (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 5, ujaze hadi ml 100. Pembeni, weka mg 19.4 za kurkumini ya asilimia 95 (rangi yenyewe ni mg 18.4) katika ml 10 za ethanoli. Pima ml 99 za ule mmumunyo wa kwanza, ukoroge kwa sumaku, na udondoshee ml 1 ya ethanoli yenye rangi. Utapata kurkumini ya mikromola 50 kwa lita, na ethanoli asilimia 1. Ukimimina kwa mkupuo, ethanoli husambaa majini kabla pete hazijaipokea rangi, nayo hujikusanya kuwa chembe.

Usiamini macho. Pima kwa spektrofotomita jinsi mmumunyo unavyofyonza mwanga wa nanomita 430, chuja kwa kichungi cha mikromita 0.45, pima tena. Ikishuka sana, haikuyeyuka. Mililita za kwanza zinazopita kwenye kichungi zimwage, maana kichungi chenyewe hunywa rangi kidogo.

Kuna wanaokwepa gharama kwa kutumia soda kali (hidroksidi ya sodiamu) badala ya siklodekstrini. Kweli inayeyuka papo hapo, na kuwa nyekundu, lakini inaharibika haraka: hata kwenye bafa ya pH 7.2 na nyuzi 37, takriban asilimia 90 hupotea ndani ya dakika 30. Siklodekstrini inaizuia hali hiyo vizuri sana.

Kasoro yake iko kwenye mwanga. Ndani ya pete, kurkumini huharibiwa na mwanga haraka kuliko ikiwa ndani ya ethanoli. Funga chupa kwa foili, tengeneza ya siku hiyohiyo. Pia usizidishe siklodekstrini bila sababu, kwani rangi iliyoshikwa sana haimfikii bakteria. Polisobeti 80 (kiyeyushi kingine, cha aina ya sabuni) ya asilimia 0.5 ni nafuu zaidi, ila nayo inaweza kugusa utando wa bakteria, kwa hiyo jaribu pia bila mwanga na bila rangi.

Pakiti za "kurkumini inayoyeyuka majini" hatuzipendekezi kwa maabara kama hazitaji kiyeyushi wala asilimia ya rangi. Pakiti ya asilimia 10 ina mg 100 tu katika kila gramu. Nunua kurkumini na siklodekstrini kando, na ukumbuke kwamba lita moja ya mmumunyo huu inakula gramu 100 za siklodekstrini.