TAHADHARI: Jeti za turbaini "zilizo tayari kwa nyasi" zinazotangazwa Mbeya na Iringa

Wakuu wa ndege za rimoti Nyanda za Juu Kusini, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akitangaza jeti za turbaini zilizotumika, yaani ndege za rimoti zenye injini ndogo ya jeti inayochoma mafuta, "zimefungwa tayari kwa viwanja vya nyasi", na injini peke yake kwa anayehitaji. Msimtumie hela. Picha zake ni safi, bei yake ni ya kutupa, na anaongea kama mtu anayeijua kazi. Lakini kila anachokisifia kinaweza kupimwa pale pale kiwanjani, na kila ukitaka kupima anapata udhuru.

Ukiwa Mbeya, ndege iko Njombe. Ukiwa Iringa, iko Mbeya. Ukisema unakuja kuiona, ghafla kuna mtu mwingine ameshaweka kianzio, kwa hiyo tuma nusu ya hela leo ikushikie. Baada ya hapo inakuja picha ya stakabadhi ya basi, halafu anapiga "wakala wa forodha" kwamba mzigo umezuiwa na unadaiwa ushuru. Kifurushi kinachotoka Njombe kuja Mbeya kinapita Makambako, hakipiti forodha yoyote. Na hata kama injini imetoka nje ya nchi, kodi ya TRA hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, siyo kwa laini ya simu ya mtu.

Wengine wanapigwa hela na hawaoni kitu. Wanaotutia wasiwasi zaidi ni wanaopokea mzigo kweli, maana wanakwenda kuwasha kimeo chenye moto ndani, kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku watoto wa jirani wamesimama pembeni wanaangalia.

Tuanze na saa za injini, yaani muda wote ambao imeshafanya kazi. Tangazo linasema "saa 2 tu". Injini hizi zina muda wake wa kurudi kwa mtengenezaji kukaguliwa na kubadilishwa beringi. Kwa JetCat wa Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida ni saa 25. Injini iliyofika hapo ina gharama inayomsubiri mwenye nayo, na ndiyo maana inatafutiwa mnunuzi asiyejua. Kwenye injini ambazo ECU, yaani kompyuta yake, ni boksi la pembeni, saa zinahifadhiwa kwenye boksi. Ukichomoa boksi la zamani na kuchomeka lingine, injini kongwe inasoma kama imetoka kiwandani jana. Injini za sasa ambazo elektroniki zake zimo ndani ya mwili wa injini ni ngumu zaidi kuchezewa hivyo, na labda ndiyo sababu huyu bwana hatangazi hizo.

Dai video moja isiyokatwa. Ianzie kwenye namba ya injini iliyochongwa kwenye mwili wake, ihamie kwenye namba ya boksi la ECU, kisha kwenye skrini ya taarifa: jumla ya muda, idadi ya kuwashwa, idadi ya kuwashwa kulikoshindikana. Halafu piga hesabu. Mruko mmoja wa jeti huchukua kama dakika 8 hadi 10, kwa hiyo saa 20 za kweli zinaendana na kuwashwa kama mara 120 hadi 150. Skrini ikikuonyesha saa 2 na kuwashwa mara 90, maana yake kila mara injini imefanya kazi dakika moja na sekunde 20. Hakuna anayerusha hivyo. Ama takwimu zimechezewa, ama injini inazimika yenyewe kila ikiwashwa, na vyote viwili ni sababu ya kuachana nayo. Kuwashwa kulikoshindikana kukiwa kwingi, muulize kuhusu plagi, pampu na kihisi cha joto, usikilize anavyojibu.

Boksi likiwa jipya kabisa, takwimu zote zitakuwa ndogo na hesabu hiyo haitakusaidia. Hapo angalia chuma. Rangi ya bluu na kahawia kwenye koni ya nyuma hutokea tangu injini inapowashwa mara chache za kwanza, kwa hiyo haikuambii saa ngapi, ila inamsuta anayesema haijawahi kuwashwa. Sehemu inayosema ukweli ni mbele: chukua tochi uangalie ncha za mapanga ya kompresa, lile gurudumu la mbele linalovuta hewa. Vijino na mikwaruzo midogo kwenye ncha ni mchanga na vijiti vilivyovutwa ndani, dalili kwamba injini imekimbizwa ardhini bila wavu wa kuikinga mbele. Kisha angalia nyuma kwenye gurudumu la turbaini. Ukiona mstari unaong'aa kwenye ukuta unaolizunguka, mapanga yamekuwa yakigusa, na beringi zimeshalegea au shafti imepata kipigo.

Injini ikiwa ya baridi, izungushe kwa kidole taratibu. Inatakiwa iteleze na isimame polepole, bila sauti ya kusaga. Ukisikia mchanga mchanga chini ya kidole, hizo beringi zimekwisha. Usikubali muuzaji aipulizie upepo wa kompresa ya gereji ili "uone inavyokwenda": upepo ule unaifikisha kwenye mizunguko mikubwa huku beringi ni kavu, kwa sababu mafuta ya kuzilainisha huja na mafuta ya kuendeshea, na wakati huo hayaji. Na akikuambia beringi kabadilisha mwenyewe nyumbani, asante, safari njema. Rota, yaani shafti na magurudumu yake, ikifunguliwa lazima ifungwe na kusawazishwa upya kwa mashine. Kwa mizunguko ile, uzito mdogo sana uliokaa upande mmoja unatosha kuzimaliza beringi mpya.

Jambo la pili ni nguvu, na hapa ndipo wengi wanaingizwa mjini kwa sababu namba zinatajwa kama za kitaalamu. Msukumo wa injini hutajwa kwa niutoni, kipimo cha nguvu. Injini ya niutoni 100 inapimwa karibu na usawa wa bahari, na kilo zake za msukumo ni kama 10.2. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Iringa ni zaidi ya 1,500, Njombe inakaribia 2,000. Mchana wa joto Mbeya hewa ina uzito wa karibu asilimia 80 ya ile ya pwani. ECU ina kikomo cha mizunguko na haikivuki ili kufidia hewa nyepesi, kwa hiyo msukumo unashuka karibu sawa na hewa. Injini ya kweli ya niutoni 100 hapa kwetu itasoma kilo 8 hadi 8.5.

Mzani wa kuipimia mnao. Ule wa ndoano wa kupimia magunia unatosha, mradi unasoma vizuri kilo ndogo. Funga kamba imara kutoka kwenye ndege kwenda kwenye mzani, na mzani kwenye nguzo iliyo nyuma, kamba ikae pembeni ya njia ya moto. Mtu asisimame nyuma wala usawa wa ubavu wa injini. Washa, peleka nguvu yote kwa sekunde chache, soma. Ikisoma kilo 6 na kitu, hiyo ni injini ya niutoni 80 iliyobandikwa lebo ya 100. Na akikuhakikishia kilo 10 akiwa Uyole, hapa Mbeya, ama anadanganya, ama amefanya lile jambo baya kuliko yote kwenye tangazo lake, ambalo analiita "kuifungulia kwa ajili ya milimani". Maana yake ni kupandisha kikomo cha mizunguko kwenye ECU. Nguvu inayovuta mapanga kutoka kwenye gurudumu hupanda kwa mraba wa mwendo: ongeza mizunguko kwa asilimia 5, mkazo unaongezeka kwa zaidi ya 10, kwenye chuma ambacho tayari kiko kwenye joto la mamia ya nyuzi. Gurudumu likipasuka, vipande havibaki ndani ya boksi. Mtu anayewauzia wenzake kitu hicho kwa makusudi hastahili kuitwa mfanyabiashara.

Sasa nyasi. "Tayari kwa nyasi" kwake ni magurudumu makubwa yaliyochomekwa kwenye miguu ileile ya kiwanja cha lami. Jeti iliyotengenezwa kwa nyasi kweli ina miguu yenye mkono wa nyuma na springi, ili gurudumu likikutana na kishimo lirudi nyuma na juu badala ya kuusukuma mguu mzima. Shika gurudumu ulisukume nyuma na juu: likienda na kurudi, sawa. Likiwa gumu kama nguzo, kila kishimo kinakwenda moja kwa moja kwenye ubao ulioshikilia mguu ndani ya bawa. Fungua kifuniko uangalie ubao huo. Plaiwudi nyembamba yenye gundi iliyopasuka na kuwa na mistari myeupe pembeni, au skrubu zilizong'olewa na kurudishwa kwa gundi, inakuambia kwamba mguu umeshang'oka. Angalia kwa makini zaidi mguu wa pua, maana huo ndio unaozama kwanza. Angalia pia milango ya magurudumu: ikining'inia chini wakati ndege imesimama, nyasi zitaing'oa siku ya kwanza.

Wavu wa mbele ya injini uwe umefungwa kwa chuma, siyo kwa gundi ya moto. Wavu ulioachia ukavutwa ndani unaharibu kompresa vibaya kuliko nyasi zenyewe.

Chukulia ndege ya kilo 13 kwenye nyasi ndefu kidogo zenye umande. Nyasi hizo zinaweza kuzuia magurudumu kwa nguvu ya kama niutoni 25. Injini ya kweli ya 100, ambayo Mbeya inatoa 80, inabakiwa na 55. Ile ya lebo ya uongo inatoa 64 na kubakiwa na 39. Kasi ya kunyanyuka nayo inapanda kwa karibu asilimia 12 kwa ajili ya hewa nyepesi: ndege inayonyanyuka kwa mita 20 kwa sekunde pwani, huku inataka 22 na kitu. Ya kwanza inahitaji kama mita 60, ya pili zaidi ya 80, na hapo ukinzani wa hewa na pua inayozama havijahesabiwa. Uwanja wa mpira una urefu wa karibu mita 100, ukishatoa magoli na miti iliyo nyuma yake utaona kilichobaki.

Kuna pia anaowauzia jeti ya feni ya umeme kwa jina la turbaini. Hiyo ni rahisi kuigundua: hakuna tangi la mafuta, hakuna tangi dogo la kunasa mapovu, hakuna bomba jembamba la chuma la kutolea moto, na ukichungulia unaona feni.

"Mafuta maalumu ya jeti" anayouza kwenye madumu yaacheni. Injini nyingi za aina hii zinatumia mafuta ya taa safi na oili ya turbaini, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5 kadiri mwongozo wa injini yako unavyosema. Asilimia 5 ni karibu lita 1 ya oili kwa lita 20. Changanya mwenyewe. Dumu la mtu huwezi kujua lina oili kiasi gani, na oili ikipungua beringi ndizo zinazolipa. Mafuta ya taa yaliyochakachuliwa kwa petroli ni hatari nyingine, injini inaweza kulipuka moto wakati wa kuwashwa.

Mtungi wa kuzimia moto anaoutoa kama zawadi ni wa unga. Unga ukiingia kwenye injini unapita kwenye kompresa na beringi, na injini inabidi ifunguliwe yote. Kinachotakiwa ni mtungi wa kaboni dioksidi, unaelekezwa kwenye mdomo wa mbele huku pampu imezimwa. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba nyasi zetu ni kavu, hivyo weka bati nyuma ya ndege kabla ya kuwasha, uwe na ndoo za maji na matawi mabichi kwa ajili ya moto wa nyasi, na usiwashe kabisa siku ya upepo karibu na misitu ya misonobari ya Mufindi. Jeti ikianguka kwenye msitu wa Sao Hill huko Mufindi mwezi wa tisa, hasara yake haitakuwa ya mwenye ndege peke yake.

Muuzaji wa kweli anakubali haya: mkutane kiwanjani, injini iwashwe ikiwa baridi, ikae mwendo wa chini, ipande mpaka mwisho na kushuka mara kadhaa, izimwe, ipoe kwa utaratibu wa ECU, kisha iwashwe tena ikiwa bado na moto. Kuwasha mara ya pili ndiko kunakofichua mengi, kwa sababu beringi zilizochoka na pampu dhaifu hujificha kwenye mara ya kwanza. Hela inatoka baada ya hapo, na mnaandikiana karatasi yenye namba ya injini na ya ECU. Vibali vya kurusha ulizeni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wenyewe. "Kibali kinachokuja na ndege" hakipo.

Kama umeshatuma hela, piga simu kwa mtandao wako wa simu sasa hivi uombe muamala uzuiwe, kabla hajatoa. Usifute ujumbe wowote, hifadhi picha za skrini, namba zake zote na jina lililotokea wakati wa kutuma. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, ukieleza kwamba ni utapeli wa mtandaoni, na utume namba yake kwenda 15040. Kama umeshapokea injini yake, usiiwashe. Toa mafuta, chomoa betri, piga picha ya namba zote mbili, umtumie mtengenezaji wa injini umuulize ilisajiliwa lini na kama imewahi kurudishwa kwa ukaguzi.