Nyayo za Kwato: Tathmini ya Matembezi ya Kuongozwa Katika London ya Farasi

Matembezi haya yanatangazwa kama ziara ya miguu ya muda wa saa tatu kuhusu farasi waliofanya kazi London, na nilitozwa pauni 22. Yanaanzia karibu na kituo cha Russell Square saa nne asubuhi na kuishia sokoni Camden mchana. Jina la mwongozaji na la kampuni yake nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu nina la kusifu na la kulaumu, na pia kwa sababu njia yenyewe ni ya umma: msomaji akishajua pa kutazama anaweza kuifuata bila kulipa hata senti moja.

Nieleze kwanza kilichonivuta. Nimekulia Mombasa, mji ambao haukujengwa kwa mgongo wa farasi. Ndorobo waliwaangamiza wanyama wa mizigo katika njia za kwenda bara, na mjini kwenyewe, mwanzoni mwa enzi ya ukoloni, wakubwa walipanda vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba huku vikisukumwa na watu. Mji unaobebwa na mnyama niliujulia Lamu, ambako punda hupita na mchanga, mawe na saruji katika vichochoro visivyoingia gari, na ambako hospitali ya punda imekuwapo tangu 1987. Kwa hiyo maswali niliyokwenda nayo London yalikuwa ya mtu wa Pwani: hawa farasi walilala wapi, walikunywa wapi, walikula nini, na nani aliyezoa mavi yao?

Swali la kwanza linajibiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kituo cha kwanza ni jengo liitwalo Horse Hospital, kwenye kona ya kichochoro cha Colonnade, ambalo lilijengwa mwaka 1797 kama zizi la ghorofa mbili na sasa ni ukumbi wa sanaa. Ngazi hazipo, pana mteremko wa mawe wenye mbao ngumu zilizokingamishwa ili kwato zisiteleze, na pete za chuma za kufungia wanyama bado ziko ndani. Mwongozaji alituacha tuupande mteremko huo polepole, mmoja mmoja, bila kusema neno. Nilipofika juu nilikuwa nimeelewa jambo ambalo maelezo ya nusu saa yasingelinieleza: katika mji wenye ardhi ya bei ghali, hata farasi walipandishwa ghorofani.

Kutoka hapo tulipitishwa katika vile vichochoro vya nyuma ya majumba makubwa, ambavyo Waingereza huviita mews. Mpangilio wake ni rahisi: nyumba ya tajiri inatazama barabara, na nyuma yake kuna mstari wa majengo mafupi, chini farasi na gari lake, juu saisi au dereva na familia yake, wakilala juu ya joto na harufu ya wanyama. Leo nyumba hizo hizo huuzwa kwa mamilioni ya pauni. Mwongozaji alilifanyia jambo hili mzaha mmoja akaendelea, na nadhani alifanya haraka mno, kwa maana hapo ndipo palipokuwa na watu hasa. Sikusikia lolote juu ya malipo ya masaisi, saa zao za kazi, wala watoto waliolelewa juu ya mazizi.

Tulipovuka Euston Road tulisimama kwa muda mrefu, na hapa namsifu bila kusita. Barabara hii, iliyoitwa New Road wakati huo, ndiyo iliyopitiwa na basi la kwanza la London, la mtengeneza magari George Shillibeer, tarehe 4 Julai 1829, likitoka Paddington kwenda Bank, mtaa wa fedha katikati ya mji, likivutwa na farasi watatu na kubeba abiria 22 kwa nauli ya shilingi moja. Shilingi moja haikuwa fedha ya kibarua. Basi la kwanza lilikuwa la makarani na wafanyabiashara. Kisha akatufanyia hesabu ambayo sijaisahau. Farasi wa basi hakuvuta kutwa nzima, bali saa chache tu, kwa sababu kusimama na kuondoka tena na tena juu ya mawe kulimchosha kuliko safari ndefu ya moja kwa moja. Hivyo basi moja lilihitaji farasi 10 au zaidi wa kupokezana, na mwenye biashara ya mabasi kwa kweli alikuwa mwenye biashara ya nyasi kavu, nafaka, mazizi, mafundi wa kupigilia chuma kwato na matabibu wa wanyama; gari lenyewe lilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Yeyote aliyewahi kumiliki daladala na kusikia bei ya dizeli imepanda ataielewa hesabu hii haraka.

Kituo kilichonifunza zaidi kilikuwa King's Cross, penye stesheni kubwa ya reli. Mimi, kama wengi, nilidhani kwamba reli ilimpumzisha farasi. Mbele ya ghala kubwa la nafaka la mwaka 1852, ambalo sasa ni chuo cha sanaa, tulielezwa kinyume chake. Treni ilileta ngano, makaa na viazi hadi hapo ikakoma. Kutoka hapo hadi kwa mwoka mikate, muuza makaa na mlango wa kila nyumba, mzigo ulivutwa na farasi. Kadiri reli ilivyoleta mizigo mingi, ndivyo farasi walivyohitajika zaidi, na mazizi yao yaliwekwa chini ya majukwaa ya kupakulia ya stesheni hiyo hiyo, mnyama akisikia treni juu ya kichwa chake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 London ilikuwa na farasi wapatao 300,000, na nikiwa nimesimama pale niliacha kuishangaa idadi hiyo.

Juu ya maji, tulioneshwa hori moja la mawe la kunyweshea wanyama kando ya barabara, refu kama mtumbwi, ambalo sasa limepandwa maua. Chama kilichoweka mahori kama hilo kilianzishwa mwaka 1859 ili kuwapatia watu maji safi ya bure, kikaongeza mahori ya mifugo katika miaka ya 1860. Inatosha.

Sasa nifike kwenye lawama. Kuhusu mavi, mwongozaji alitusimulia kwamba mwaka 1894 gazeti la The Times lilitabiri kuwa baada ya miaka 50 kila barabara ya London ingefunikwa na mavi ya futi tisa. Hadithi hii inapendwa sana kwenye mikutano ya watu wa teknolojia, lakini makala hiyo haijawahi kupatikana katika gazeti hilo la mwaka huo. Sikumkatiza, nilimuuliza kwa upole mwishoni, akajibu kwamba wageni huipenda. Ninalolalamikia zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba hadithi hiyo ya kubuni imeziba nafasi ya ukweli unaovutia kuliko uongo. Mavi hayo yalikuwa mali. Matishari ya matanga yalipanda mto Thames yakitoka Essex na Kent yakiwa yamerundikwa nyasi kavu na majani hadi nahodha hakuona mbele, kisha yakarudi na samadi ya mazizi kwenda kurutubisha mashamba yale yale yaliyotoa nyasi. Makutanoni walisimama wafagiaji maskini, wengi wao watoto, wakisafisha njia ya kuvukia kwa matumaini ya kupewa sarafu na bibi asiyetaka kuchafua gauni. Na mtu alipougua sana, jamaa zake walitandaza majani makavu barabarani mbele ya nyumba ili kupunguza kishindo cha kwato na magurudumu ya chuma. Wanaoulilia ukimya wa miji ya zamani wangetajiwa jambo hilo la mwisho kabla ya jingine lolote. Katika ziara ya saa tatu, yote haya hayakupata hata dakika tano.

Pia tulipita mtaa wa Royal College bila kusimama, ingawa huko Camden ndiko kilikoanzishwa chuo cha tiba ya mifugo mwaka 1791, kikiongozwa mwanzoni na Mfaransa, Charles Vial de Sainbel. Mji ulioweka chuo kwa ajili ya magonjwa ya farasi ulikuwa unalinda mtaji wake, na mada hiyo ingefaa kuunganishwa na lile zizi tulikoanzia.

Sokoni Camden penyewe pana mengi ya kuona. Majengo ya matofali yenye njia za mshazari yalikuwa mazizi ya kampuni ya reli, pamoja na hospitali ya farasi ya miaka ya 1880, na chini yake kuna njia ya chini kwa chini iliyochimbwa miaka ya 1850 ili mamia ya farasi wafike kwenye bohari bila kukatiza reli. Leo huuzwa makoti ya ngozi na vyakula vya kila nchi, na sanamu za farasi wa shaba zimesimamishwa kila upande, zikiwa na misuli ambayo sidhani kama farasi wa kuvuta makaa aliwahi kuwa nayo. Hapo mwongozaji alitushukuru, akatuonesha pa kununua chakula, akaondoka, dakika 20 kabla ya muda tuliolipia.

Kwa anayefika London kwa mara ya kwanza, ninampa nyota tatu kati ya tano. Sauti yake inasikika, mwendo wake unawafaa hata wazee, na anajua kunyamaza mbele ya kitu kinachojieleza chenyewe. Wenye viti vya magurudumu wanapaswa kuuliza kabla ya kulipa. Bei ingekuwa ya haki kama muda ungetimizwa.

Dakika zangu 20 nilizitumia mwenyewe. Niliteremka kwenye mfereji wa Regent, uliofunguliwa mwaka 1820, nikafuata njia waliyoipita farasi wakikokota matishari kwa kamba, nikielekea magharibi kupita bustani ya wanyama, hadi daraja la Macclesfield. Tarehe 2 Oktoba 1874 tishari lililobeba baruti lililipuka chini ya daraja hilo na kulibomoa. Walipolijenga upya walitumia nguzo zile zile za chuma, lakini walizigeuza. Ndiyo maana nguzo iliyo karibu na maji ina mifereji iliyolika pande mbili: upande mmoja ililiwa na kamba za kabla ya mlipuko, upande wa pili na kamba za baadaye, kamba zenye maji na mchanga zilizosugua chuma kila farasi alipopita. Niliingiza kidole kwenye mmojawapo, nacho kikazama.