Cheti cha aPHRi: kinamfaa nani anayetafuta kazi ya rasilimaliwatu Tanzania?

aPHRi ni cheti cha ngazi ya kuanzia cha rasilimaliwatu; ni kizuri, kimetungwa kwa uangalifu, ila ukikilipia mapema mno kitakula akiba yako na kazi usipate. Kinatolewa na HRCI, taasisi ya Marekani iliyoanza 1973. Ile herufi i ya mwisho inaonyesha ni toleo la kimataifa, yaani sheria za kazi za Marekani hazimo. Hakidai uzoefu wowote, tofauti na PHRi, cheti cha ngazi ya juu yake, ambacho mwenye shahada ya kwanza lazima awe ameshafanya kazi hiyo miaka 2.

Bei ndiyo ya kufikiria kwanza: dola 100 za maombi, ambazo hazirudishwi, na dola 300 za mtihani, bado vitabu. Kwa afisa anayeanza, hizo mara nyingi zinazidi mshahara wa mwezi. Maombi yakikubaliwa una siku 180 za kufanya mtihani. Maswali ni 90 kwa dakika 105, kama sekunde 70 kwa kila swali. Yanayohesabiwa ni 65 tu. 25 ni ya majaribio na huwezi kuyatambua, kwa hiyo jibu yote. Kufaulu ni alama 500 kwenye kipimo cha 100 hadi 700, na hiyo si asilimia. Ukishindwa unasubiri siku 90 na unalipa tena. Toleo la Kiswahili hakuna.

Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, lakini umeme au intaneti ikikatika katikati ni hasara yako, hivyo ukiwa karibu na kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani hii, nenda kituoni. Jina ulilojisajilia lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu yanayopangwa tofauti kwenye cheti cha shule, NIDA na pasipoti, na watu hurudishwa mlangoni kwa sababu hiyo.

Ubora wake mkubwa ni kwenye mpangilio wa kazi. Kinakufundisha kuchambua majukumu kabla ya kutangaza nafasi, kuwauliza wasailiwa wote maswali yale yale, na kila msaili kuandika alama zake kabla ya jopo kujadiliana. Ofisi nyingi huruka hatua hiyo ya mwisho, kisha mkubwa akisema anampenda fulani, alama za wengine zinamfuata.

Pengo lake ni lile lile linaloumiza waajiriwa wapya: hakigusi sheria yetu wala mishahara yetu. Meneja wa Dar es Salaam akikupima, atakupa karatasi ya mshahara. Chukua mshahara wa shilingi 900,000. Mchango wa mfanyakazi NSSF ni asilimia 10, yaani 90,000, na unatolewa kabla ya kodi. Kinachotozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni 810,000. Kodi yenyewe: 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, jumla 80,500. Anapokea 729,500. Anayekokotoa kodi kwenye 900,000 nzima anamkata mtu 22,500 zaidi kila mwezi. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, ni mzigo wa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, pia ni wake. Kukata SDL au WCF kwenye mshahara wa mtu ni kosa.

Saa za ziada ndizo zinazowakamata wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa 45. Hapo saa moja ni kama 4,616, na ya ziada, mara moja na nusu, ni kama 6,924. Anayegawa kwa siku 30 na saa 9 anapata 5,000 kwa saa ya ziada, na mfanyakazi anadhulumiwa bila mtu kukusudia. Likizo vilevile: siku 28 za mwaka ni za mfululizo, sikukuu zikiwemo, wala si siku 28 za kazi.

Halafu nidhamu. Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, lenye kanuni za utendaji bora chini ya sheria hiyo, linadai uchunguzi, mashtaka kwa maandishi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, haki ya kuwa na mwakilishi, na mwenyekiti wa kikao asiyehusika na tukio. Mtu anaweza kuwa ameiba kweli na mwajiri bado akashindwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa sababu msimamizi aliyemkamata ndiye aliyeongoza kikao. Aliyeachishwa ana siku 30 za kujaza fomu namba 1 ya CMA. Afisa asiyejua haya anaigharimu kampuni na anamuumiza mfanyakazi, hata awe na vyeti vinne ukutani.

Kwa hiyo kama huna kazi bado, dola 400 hizo zihifadhi. Soma Sura ya 366 na kanuni zake mpaka uzikokotoe bila kuangalia, jifunze Excel ya mishahara, tafuta mafunzo kazini ofisi inayolipa watu halisi. aPHRi naipendekeza kwa aliyeshaingia ofisini akalenga mashirika ya kimataifa, ambako kinatambulika, na kwa aliyesomea fani nyingine anayehitaji msingi uliopangika. Msomaji wa Kenya ajue kwamba hakichukui nafasi ya usajili wa IHRM, taasisi ya wanataaluma wa rasilimaliwatu nchini humo, unaotakiwa na sheria ya 2012.

Cheti kinadumu miaka 3. Kukihuisha unahitaji alama 45 za mafunzo au kurudia mtihani, kwa hiyo tunza ushahidi wa kila warsha tangu mwezi wa kwanza: ratiba, saa ulizohudhuria na cheti cha mahudhurio.