Upasuaji safi, lakini walinitoa kitandani kabla sijakojoa

"Kitanda kinasubiriwa, mzee. Utakojoa nyumbani." Ndivyo nilivyoambiwa na nesi wa chumba cha mapumziko, miguu ingali mizito kwa ganzi, siku niliyofanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena katika hospitali moja binafsi hapa Dar. Ni miezi kadhaa sasa na bado nikikumbuka napandwa na hasira.

Haki yao niwape. Daktari aliyenipasua ni fundi hasa: wavu wa kuziba tundu la ngiri umekaa, kidonda kimefunga bila usaha. Aliyenichoma sindano ya mgongo alinielekeza kwa upole, kaa, inama, kunja mgongo, usitikisike. Kuninyima hata maji tangu saa sita usiku wakati naingia thieta saa nane mchana ni mambo ya kizamani, maana kwa mtu asiye na matatizo mengine maji matupu huruhusiwa hadi masaa mawili kabla. Ila hilo ningelimeza.

La mkojo silimezi. Sindano ya mgongo haitii ganzi miguu tu. Inazima pia mishipa ya fahamu ya kibofu. Wakati huohuo dripu inaingia, na mimi niliwekewa chupa mbili za nusu lita. Kibofu kinajaa bila mwenyewe kusikia chochote. Kikivutika kupita kiasi, misuli yake inalegea, na hata ganzi ikiisha mkojo hautoki. Mwanaume wa umri wangu, mwenye tezi dume iliyoanza kutanuka, yuko hatarini zaidi, na tezi hiyo imeandikwa kwenye faili langu. Nani alilifungua?

Kazi yenyewe haihitaji mashine ya gharama. Mgonjwa akojoe kabla ya kuingia thieta. Akitoka, achezeshe vidole vya miguu, akunje magoti, akalishwe kwanza na kupimwa presha, ndipo asimame huku ameshikwa. Apelekwe chooni, maana wanaume wengi kukojoa wamelala hawawezi. Ikishindikana, nesi abonyeze chini ya kitovu: pakiwa pagumu, pamevimba, unapitishwa mpira wa mkojo, unatoa, unauchomoa. Dakika kumi. Mimi nilipimwa presha nimelala, nikavalishwa suruali, nikakabidhiwa karatasi.

Usiku ule kilichoniuma hakikuwa kidonda. Tumbo la chini lilijaa kama ngoma, yanatoka matone tu. Hospitali nyingine ndiyo iliyonipitishia mpira, ikatoka zaidi ya lita moja, na nikakaa nao siku mbili. Kwa mtu mwenye mshono mbichi kinenani, kujikamua chooni ndiko hasa anakokatazwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota nne, kwa ajili ya daktari. Kisha nimeitoa tena ile karatasi ya ruhusa. "PCM 2x3, Diclo 1x2", yaani dawa za maumivu, paracetamol na diclofenac, basi. Hakuna kwamba Diclo inywewe baada ya kula. Hakuna kwamba bandeji isiloweshwe siku mbili za mwanzo, wala kwamba ukikohoa ushikilie kidonda kwa kiganja, wala ndoo ya maji usiinue kwa wiki ngapi. Kuhusu kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala, ambacho sindano ya mgongo huweza kukileta siku moja au mbili baadaye, hakuna hata neno. Mtu akikipata atadhani ni malaria.

Nesi yule simlaumu peke yake. Aliyepanga wagonjwa wengi kwa vitanda vichache ndiye aliyemtia haraka. Lakini ulimi ule ulikuwa wake.

Chini ya karatasi wameandika namba ya simu ya kupiga ukipata tatizo. Mke wangu aliipiga usiku ule mara tano. Ni ya dirisha la malipo, na dirisha hufungwa jioni. Nyota moja, na hiyo ni ya daktari.